Wosia kwa Vijana wa Mwaloni

Mjukuu wangu,

  Nimepata habari kwamba wenzako wamekuchagua uongoze kamati ya mwalo, nami nimefurahi sana. Umri umeniendea na kifua hakiniachi nilale, kwa hiyo sitaki kungoja mpaka utakapovuka kuja Nansio. Barua hii uisome kwanza wewe mwenyewe, kisha uwasomee vijana wa mitumbwi yote, hasa wale waliotoka bara kuja visiwani kutafuta riziki, maana wengi wao hawakukua wakiisikia habari ya kichocho.

Mambo ya shamba na ng'ombe nimeyaandika kwingine, na baba zako wadogo wanayajua. Hapa nakuusia habari ya minyoo. Wapo watakaoona ajabu, mzee kuyatoa maneno yake ya mwisho kwa ajili ya choo. Mimi naona ni haki. Nimeinamia darubini ya maabara tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na nimewasindikiza makaburini vijana wa ziwa hili waliojaa maji tumboni huku mikono na miguu imekonda, kisha siku moja wakatapika damu beseni zima, wasiwahi hospitali. Matanga yakiisha, ukoo hukaa kumtafuta aliyewaroga. Bibi mmoja jirani yetu alifukuzwa kijijini kwa tuhuma hiyo. Mimi nilikuwa nimeyaona mayai ya minyoo kwenye choo cha marehemu, nikasema mbele ya wazee wenzangu, na leo nasema tena mbele yako: yule bibi alionewa.

Shika kwanza jambo moja, maana mengine yote yanalitegemea. Vimelea vya malaria vikiingia vichache huzaliana mwilini mpaka vikawa mamilioni. Minyoo wa kichocho, wa safura na wale mviringo hawako hivyo. Hutaga mayai ndani yako, lakini yai halikui likawa mnyoo mkubwa humo humo. Ni lazima litoke nje, lifike majini au ardhini, lipite hatua zake, ndipo limrudie mtu. Kwa hiyo ukikutwa na minyoo mia, ujue kila mmoja aliingia kwa safari yake, na kila mmoja alianzia kwenye kinyesi au mkojo wa mtu. Ziwa halina kosa. Ziwa linabeba tulichoweka.

Sasa sikia safari yenyewe ilivyo. Mtu anakwenda haja nyuma ya mawe ya ufukweni au kwenye matete, mvua inanyesha, kinyesi kinaingia ziwani. Yai la kichocho likikuta maji yasiyo na chumvi hupasuka, na ndani yake hutoka kiumbe asiyeonekana kwa macho, mwenye vinywele vya kuogelea. Huyo hali kitu. Ana saa chache tu za kuishi, na katika saa hizo ni lazima ampate konokono wa majini, tena si konokono yeyote. Kwa kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimejaa kwenye ziwa letu, ni yule mdogo mwenye gamba bapa lililojiviringa. Utamkuta kwenye matete na magugu maji, na jamii nyingine yake hukaa chini kabisa, mchangani, hata pale ambapo maji yanaonekana safi. Kwa hiyo kijana asikuambie kwamba anaoga palipo peupe, hapana hatari.

Kiumbe yule akimkosa konokono, anakufa na mambo yameishia hapo. Akimpata humtoboa, na humo ndimo uzazi mkubwa unapotokea: mmoja aliyeingia huzaa maelfu. Baada ya wiki nne hadi sita konokono huanza kumwaga viluwiluwi wenye mkia uliogawanyika ncha mbili. Huwamwaga mwanga ukishapanda, na wengi zaidi hutoka kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Hebu tazama ni saa gani hizo. Ndizo saa mnazosafisha nyavu mkiwa mmesimama ndani ya maji hadi mapajani. Ndizo saa akina mama wanafua na kuosha vyombo, na watoto wanaruka kutoka kwenye mitumbwi iliyoegeshwa. Konokono hajui ratiba yetu, lakini sisi tumeipanga kazi yetu ikaangukia saa zake.

Kiluwiluwi hahitaji kidonda. Hujishika kwenye ngozi nzima, huitoboa kwa majimaji yanayoilainisha, huuacha mkia nje, na dakika chache baadaye yumo ndani. Wengine huwashwa siku hiyo. Wengi hawasikii lolote. Hufuata damu, hupita moyoni na mapafuni, kisha hutua kwenye mishipa ya ini akala na kukua. Hapo ndipo dume na jike hukutana. Dume ana mfereji mwilini mwake, jike huingia humo na kukaa, nao huishi wameshikana hivyo miaka na miaka. Urefu wao ni sentimita moja hivi, hata mbili hawafiki kwa kawaida. Husafiri pamoja hadi mishipa midogo inayouzunguka utumbo, na jike huanza kutaga mamia ya mayai kila siku. Kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 5, lakini wamekutwa watu walioondoka kwenye nchi zenye kichocho zaidi ya miaka 30 nyuma, bado wanatoa mayai hai.

Utauliza kinga ya mwili iko wapi muda wote huo. Mnyoo hujivika chembe za mwili wa mtu aliyemwingia, na kinga ikipita inamdhania mwenyeji. Ndiyo maana mtu anabeba kichocho tangu utoto, anavuta nyavu, anaoa, anazaa, wala hajui.

Balaa lenyewe liko kwenye mayai. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni. Ili litoke ni lazima litoboe ukuta wa mshipa, lipite kwenye nyama ya utumbo, liangukie kwenye kinyesi. Karibu nusu ya mayai hayafiki. Mengine hunasa utumboni, hapo ndipo kuharisha damu na maumivu yasiyoisha hutokea. Mengine hubebwa na damu hadi kwenye ini. Mwili huyazingira ukidhani unajiokoa, kovu likajengeka juu ya kovu, na mwaka baada ya mwaka njia za damu ndani ya ini huzidi kuwa nyembamba. Damu iliyokosa njia hurudi nyuma. Bandama huvimba hadi ukaipapasa kwa mkono. Maji hujaa tumboni. Mishipa ya koo la chakula hutuna, na siku mmoja ukipasuka, ndiyo ile damu ya beseni. Mambo haya huchukua miaka mingi kutimia, kwa hiyo anayekufa akiwa na miaka thelathini alianza kuingiliwa akiwa mtoto mdogo, akiogeshwa na mama yake penye kina kifupi.

Wala si ugonjwa wa juzi. Mayai ya jamii hii ya minyoo yamekutwa kwenye maiti zilizokaushwa za Misri za kale, za miaka 3,000 iliyopita. Minyoo wenyewe walionekana mwaka 1851 mjini Kairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz alipokuwa akipasua maiti hospitalini. Ilipita zaidi ya miaka 60 hadi Mskoti Robert Leiper alipoonyesha, huko huko Misri mwaka 1915, kwamba konokono ndiye njia ya minyoo hao. Leo nchi yetu inatajwa ya pili barani Afrika kwa wingi wa kichocho, baada ya Nigeria. Tangu konokono ajulikane ni zaidi ya miaka mia moja, na bado ukoo unakaa kumtafuta mchawi. Hilo linaniuma.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Tunachukua kinyesi kidogo, tunakichekecha kwenye wavu, tunakijaza kwenye kitundu cha kipimo kinachobeba miligramu 41.7, tunakifunika kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye glisirini yenye rangi ya kijani, kisha tunainamia darubini. Mayai unayoyaona unayazidisha kwa 24, ndipo upate idadi kwa gramu moja. Kwa kichocho cha tumbo, 400 na kuendelea ni maambukizi makali. Mayai ya safura yanataka haraka, yasiposomwa ndani ya saa moja glisirini huyafifisha yakapotea, na mgonjwa akaambiwa ni mzima. Nimeyaona yote matatu kwenye kioo kimoja, kichocho, safura na minyoo mviringo, katika choo cha mtoto mmoja wa darasa la kwanza ambaye mwalimu wake alikuwa akimchapa kwa kusinzia.

Hao wengine niwaguse kwa ufupi. Mnyoo wa safura haingii kwa maji ya ziwani. Mayai yake huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na baada ya siku chache mtoto wake humngoja mtu apite peku. Watu walidhani analiwa pamoja na chakula tu, mpaka Mjerumani mwingine aliyefanya kazi Misri, Arthur Looss, alipomwagikiwa mkononi na tone la maji yenye watoto wa safura mwaka 1898. Ngozi ikamwasha na kuwa nyekundu, na baada ya wiki kadhaa akayakuta mayai kwenye choo chake mwenyewe. Mnyoo huyo hupita mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha huuma ukuta wa utumbo na kunywa damu kila siku. Mmoja hunywa kidogo mno. Lakini wakiwa mamia ndani ya mama mjamzito ambaye chakula chake ni ugali na mboga chache, viganja vyake vitakuwa vyeupe na kifua kitamwenda mbio akipanda kilima kidogo tu. Mwanamke wa namna hiyo akitokwa na damu wakati wa kujifungua hana akiba ya kumvusha.

Minyoo mviringo, wale warefu ambao watoto huwatoa wakilia, huingia mdomoni. Jike mmoja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku, nayo hukaa kwenye udongo miaka yakisubiri kidole cha mtoto au mchicha usiooshwa vizuri. Sukari haileti minyoo, wala pipi, hayo wakanushie akina mama kwa upole. Kwa upole pia wajibu wazee wanaosema minyoo ni sehemu ya uhai, kwamba kila mtu huzaliwa nayo, tena humsaidia kusaga chakula. Imani hiyo ni ya zamani kandokando ya ziwa hili, na waliokuwa nayo hawakuwa wajinga. Waliona kila mtoto ana minyoo, wakasema ndivyo Mungu alivyotuumba. Lakini hakuna anayezaliwa na minyoo mviringo. Watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana minyoo inayotokana na udongo, na wote waliipata kwenye udongo.

Kuhusu tegu nakuusia jambo moja tu ambalo wengi hawalijui. Nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mlaji tegu wa tumboni. Kifafa kinachotokana na tegu ni habari nyingine: huja kwa kumeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai yakaanguliwa, na watoto wake wakajenga vifuko ndani ya ubongo. Kwa hiyo Mwislamu ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuanguka kifafa kwa sababu aliyempikia hakunawa mikono. Ukimwona kijana anaanguka, usiruhusu wenzake wamkimbie wakisema kifafa kinaambukiza kwa mate. Mlinde asijiumize, kisha umpeleke kituoni.

Na kwa kuwa wengi wenu mnaoa kutoka Shinyanga na kwingine mbali na ziwa, jueni kwamba huko, kama ilivyo Unguja na Pemba, kuna kichocho kingine ambacho minyoo wake hukaa kwenye mishipa ya kibofu. Mtoto hukojoa damu, na wapo wanaume wanaochukulia kwamba ni dalili ya kubalehe. Hiyo si dalili ya utu uzima. Kikiachwa miaka kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake, mayai hunasa pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni, wakapata vidonda, uchafu, maumivu ya tendo la ndoa na kutokwa damu, tena hatari ya kupata virusi vya UKIMWI huongezeka. Mara nyingi huambiwa ni ugonjwa wa zinaa. Nimewajua mabinti waliorudishwa kwao kwa tuhuma ya uasherati hali walikuwa wamechota maji bwawani tangu utoto. Kijana wa mwalo wako akija kwako na tuhuma ya namna hiyo, mwambie ampeleke mkewe akapimwe kichocho kabla hajafungua mdomo mbele ya wakwe.

Dawa ipo, na ni dawa njema. Prazikwanteli huua minyoo wa kichocho, hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na pasipo mizani wagawaji hutumia mti mrefu wenye alama, urefu wa mtu ukaonyesha idadi ya vidonge. Ni vikubwa na vichungu. Ukimeza na tumbo tupu utasikia kizunguzungu na kichefuchefu, na mwenye minyoo wengi huumwa tumbo zaidi. Mwaka 2008 huko Morogoro ugawaji wa dawa hii shuleni ulizua ghasia, wazazi wakaamini watoto wao wanawekewa sumu. Usingoje yatokee kwako. Siku ya kugawa dawa hakikisha watu wamekula uji au ugali kwanza, na waeleze mapema watakachokisikia.

Miaka mingi dawa hizi zimewafuata wanafunzi, na mvuvi ambaye amesimama majini kuliko mtu yeyote amepitwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba penye maambukizi ya asilimia 10 na zaidi, dawa itolewe kwa kila mwenye miaka miwili na kuendelea, watu wazima wakiwamo. Liweke hilo mkononi unapokwenda kwa mganga mfawidhi wa kituo. Mwombe watu wa kambi wahesabiwe, hata wasio na kitambulisho cha kisiwani. Mvuvi wa kuhamahama akiachwa na minyoo yake, mwalo mzima umeachwa nayo.

Ila dawa ina mipaka, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Inaua minyoo wakubwa. Wachanga walioingia wiki hizo huwaacha. Haiweki kinga yoyote. Umeze Jumatatu, Jumanne ukisimama mchana kwenye maji yale yale, umeanza upya. Nimewapima watu waliomeza dawa mwaka uliotangulia, nikawakuta na mayai tele, na wao wakailaumu dawa. Dawa ilifanya kazi yake. Kilichobaki vile vile ni majani ya nyuma ya kambi, ambako kila mtu huenda asubuhi.

Wavuvi hawawezi kuambiwa wasiguse maji, na anayewaambia hivyo hajui wanakula nini. Lakini kuna yanayowezekana. Maji ya kuoga yatekwe, yachujwe konokono, yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili. Viluwiluwi hawamalizi muda huo, hufa. Watoto wadogo waogeshwe kwa maji hayo, wasipelekwe ziwani. Nyavu zisafishwe mapema asubuhi badala ya mchana, ingawa alfajiri nayo haina usalama kamili, imepungua hatari tu. Kila mtumbwi ubebe ndoo yenye mfuniko, na anayebanwa usiku aitumie.

Kubwa kuliko yote ni choo. Mayai yakikaa shimoni, konokono hana cha kumpa mtu, hata kama ziwa zima limejaa konokono. Najua ugumu wa visiwa vyetu: penye mchanga shimo linabomoka, penye mwamba sururu inarudi. Kwa sababu hiyo kile kipande changu cha ardhi cha juu ya mwalo, chenye udongo mwekundu, nimekiandika kiwe mali ya kambi. Hakitauzwa na hakitajengwa duka. Kiko zaidi ya mita 30 kutoka majini, nami nimewahi kuchimba hapo, udongo unashika. Jengeni vyoo vya wanaume na vya wanawake mbalimbali, maana akina mama wanaoanika dagaa hawataingia kwenye choo cha mabaharia usiku, na mkivichanganya watarudi majanini. Wekeni maji na sabuni mlangoni. Kamati iandike kwenye kanuni zake kwamba mtumbwi mgeni ukitua, mwenye mtumbwi anachangia vyoo kabla ya kuanika hata kilo moja.

Anzeni kuchimba mbalamwezi ijayo, karabai za kuvulia dagaa zikiwa zimezimwa na vijana wako nchi kavu. Mwite bwana afya wa kata aje apime mahali kabla ya sururu ya kwanza. Mkikwama kwa fedha ya saruji na mabati, muuze yule ndama wangu mwekundu. Baba zako wadogo nimekwisha kuwaambia.

Ni mimi babu yako,
Nansio, Ukerewe.